Mtungi Uliooshwa kwa Sabuni

Haya sikuhadithiwa na mtu. Wala sikuyaota, wala sikuwa nimeonja kitu, maana siku ile hata cha kuonja hakikuwapo, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe. Ukisikia watu wanasema bibi wa Kibamba alilewa akaona mzimu, waambie bibi mwenyewe kasema hivi: mzimu ulinikuta mkavu kabisa, jua liko utosini, adhana ya adhuhuri imeshapita, na mke wa mjukuu wangu yupo pale pale. Alimwona kwa macho yake. Akatukanwa naye. Anaitwa Zuhura, nenda kamuulize.

Mie shule nimeonja tu. Niliachishwa mapema nikalinde ndege kwenye mpunga, na mwalimu wetu, marehemu Mwalimu Fulgensi, alikuja nyumbani kunililia, baba akampa samaki, akaondoka. Lakini majina hayanipotei. Mtu niliyemshika jina nimemshika. Kwa hiyo nikimtaja mtu hapa, jua ndiye huyo huyo, sijamchanganya na mwingine.

Sie ni Wandamba, watu wa bonde la Kilombero, watu wa mpunga na samaki. Mume wangu, marehemu Severini, ndiye aliyenileta huku Kibamba zamani, huku bado mikorosho na vichaka, ukisikia gari unatoka nje kulitazama. Tukapata kipande bondeni kule Mto Mpiji, tukalima mpunga kama kwetu. Hadi leo tunalima. Kipande kimebaki kidogo, majumba yameteremka mpaka chini, lakini mpunga unatoka.

Sasa kwetu mpunga mpya hauliwi hivi hivi. Ukishavunwa, kwanza unapikiwa pombe. Ndugu wanakusanyika, na kabla mtu hajagusa kitu, mkubwa wa ukoo anamwaga kidogo pale kizingitini, anawaita mahoka, yaani wazee wetu waliotangulia. Anawataja mmoja mmoja. Halafu anawajulisha watu wapya: mwaka huu kazaliwa fulani, kaolewa fulani, mjueni, msimshtue. Akishamaliza, ngoma. Mpaka siku hiyo ifike tunakula mchele wa dukani, na wetu umejaa magunia ndani. Watoto wa mjini wanatucheka. Wacheke tu, mbona siku ya ngoma ndio wa kwanza kufika?

Na pombe yenyewe haitiwi hamira ya dukani. Unapika uji wa mchele mpya, ukipoa unatia kimea cha ulezi, ukilala ukiamka unakuta togwa, tamu, hata mtoto anakunywa. Hiyo togwa ndiyo unayoimimina kwenye mtungi. Sasa siri iko kwenye mtungi. Mtungi wangu ni wa mama yangu, Mama Apolonia, na yeye alipewa na mama yake. Ndani mweusi, umeshika utando wa pombe za miaka yote hiyo. Utando huo ndio chachu. Ukimimina togwa, kesho yake mtungi unaanza kuongea. Unaweka sikio, unasikia: kwi, kwi, kwi, kama watoto wanacheka chini ya shuka. Basi ujue pombe imeamka. Mtungi huo hauoshwi. Unamwagwa, unafunikwa, unasubiri mwaka mwingine.

Hayo nani angemwambia Zuhura? Hapo ndipo palipoanzia.

Zuhura ni Mzaramo wa Temeke, mtoto wa watu wa pwani, Waislamu, pombe kwao haijawahi kuvuka mlango. Mjukuu wangu Beatusi alimpenda, wakafunga ndoa bomani, akamleta hapa kwangu. Mtoto mwepesi wa kazi, mwepesi wa kucheka. Nikawa namwita mke mwenzangu, maana Beatusi ni mume wangu, si mjukuu? Ananijibu, "Haya, mke mkubwa, leo zamu yako kupika." Nilimpenda, sikufichi.

Aliyekuwa hajampenda ni shemeji yangu, Mzee Gaspari, kaka wa marehemu Severini. Anakaa Segerea, mtaani, siyo kule gerezani ndani ya ukuta, ingawa kwa ukali wake ungedhani ndiye anayeshika funguo. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, yeye ndiye anayemwaga kizingitini. Siku ya harusi alisimama mbele ya watu akasema, "Mie sina neno. Lakini watu wa pwani hawajui mtungi. Mavuno yatasema. Mtungi ukiongea, nitamtaja binti huyu kwa wazee, nami nitamwita mwanangu. Mtungi ukinyamaza, basi wazee wamemkataa, na Beatusi amrudishe kwao kwa heshima." Akakaa. Na Gaspari akisema, kasema. Kuna mke wa ndugu yetu Kolumbani alirudishwa kwao kwa maneno kama hayo, na alikuwa mtu mzuri kabisa.

Basi mwaka ule tumevuna, kimea kimekauka, nimeondoka asubuhi kwenda kusagisha. Narudi, nimejitwisha unga, naona kitu kinang'aa uani. Chekundu, kizuri, kama kimetoka kwa mfinyanzi jana. Mtungi wangu! Zuhura amekaa kando, stilwaya mkononi, povu mpaka kwenye viwiko, uso wote furaha.

"Bibi, nimekutakatishia mtungi wako! Ulikuwa unanuka, wee! Nimeusugua na sabuni ya unga, nikausuuza na maji ya moto, nikauanika. Sasa wageni wakija hatuaibiki."

Niliketi chini na unga wangu kichwani. Unadhani ningesema nini? Yule mtoto kaamka alfajiri kunifanyia jambo jema. Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Akaniuliza, "Bibi, nimeharibu?" Nikamweleza. Stilwaya ikamdondoka mkononi.

"Sasa Babu Gaspari akisikia?"

"Hatasikia."

"Na mtungi usipoongea?"

Ndipo nikautua unga.

Tulihangaika, niamini. Beatusi alirudi kutoka kazini, akasikia, akasema, "Bibi, si tutie tu hamira? Nani atajua?" Tukajaribu kidogo kwenye bakuli. Ikanuka maandazi! Mzee Gaspari aletewe pombe inayonuka maandazi? Nikapita kwa Wandamba wenzangu wote ninaowajua: kwa Mama Eladi, kwa binti Likwata, kwa Fortunata wa Kiluvya. Wote siku hizi wanapika kwenye ndoo za plastiki na wanatia hamira. Mtungi wa chachu ulikuwa umebaki wangu peke yake. Sasa hata huo umekufa. Nikapika togwa hivyo hivyo, nikaimimina kwenye mtungi mwekundu, nikafunika. Kesho yake nikaweka sikio. Kimya. Keshokutwa yake kimya. Ndugu wameshaalikwa, Jumamosi iko mlangoni.

Kitu kimoja nilikuwa nimekisahau. Kwetu pombe ya mavuno haiamki kwa upole. Lazima aje mtani aitukane. Watani zetu sie ni Wangoni. Mtani anakuja, anaitukana pombe, anawatukana wenyewe, anachukua kata ya kwanza kwa nguvu, na wewe huruhusiwi kukasirika hata kidogo. Ukikasirika umevunja utani, na utani ni mkubwa kuliko undugu. Mtani wa mama yangu alikuwa Kalista. Jamani, Kalista! Mwanamke mnene, mweusi tii, ana mwanya, sauti inavuka mto. Mama yangu alipofariki, Kalista alikuja msibani amevaa gauni la marehemu, anamuigiza anavyotembea, watu wanalia na kucheka kwa pamoja. Halafu akaingia jikoni akanyakua kata ya mama, ile ya kibuyu ya kuchotea pombe, ina ufa mpinini, umeshonwa kwa uzi wa katani. Ndugu wakataka kuikomboa kwa kuku, kama desturi. Akakataa. Akasema, "Hii sirudishi. Siku pombe yenu itakapogoma, enyi wala miiba, ndipo mtaniona." Akaenda nayo kwao Songea. Baadaye tukasikia naye amefariki. Akabaki binti yake, Skolastika, ambaye mie nilimwona mara moja tu, bado anabebwa mgongoni. Siku hizi anakaa Kiwalani. Beatusi alikuwa ameshampigia simu: tafadhali, mtani, njoo Jumamosi uitukane pombe. Akasema atakuja.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa Alhamisi. Beatusi yuko kazini. Mie niko kivulini napepeta mchele, Zuhura anamenya vitunguu, kila mtu na lake moyoni. Mara nikasikia getini:

"Hodi hii siibishi mara mbili! Nyumba inanuka samaki mpaka barabarani, nimefuata pua tu!"

Akaingia. Mwanamke mnene, mweusi tii, ana mwanya. Kajifunga kanga mbili zilizofifia, kichwani kitambaa, na kwapani kabana kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Nikasema moyoni, huyu Skolastika kamtoa mama yake kama kivuli! Sauti ile ile. Nikainuka kwa furaha.

"Karibu mtani! Si tulisema Jumamosi?"

"Jumamosi nije kula nini? Miiba? Kaa chini, Kapelege, magoti yako yanalia."

Kapelege. Ni jina la utotoni, maana yake kaperege, kasamaki kadogo. Wote waliokuwa wakiniita hivyo wamekwisha kuzikwa. Nikashtuka kidogo, kisha nikajituliza: Kalista alimsimulia mwanawe. Watu wanasimuliana mambo, si ndiyo?

"Nikuite nani, mwanangu? Ndiwe Skola?"

"Niite utakavyo. Nyie mtu akiwaletea jina mnalikaanga."

Zuhura akapiga magoti kidogo. "Shikamoo, bibi."

Yule mgeni hakuitikia. Akamzunguka, anamtazama toka juu mpaka chini. "Ehe! Na huyu ufito wa kuanikia dagaa ndiye mke? Beatusi hakuona mtu mwenye nyama Dar es Salaam nzima?"

Nikaogopa mtoto ataumia. Kumbe nimesahau Wazaramo nao utani wanaujua toka tumboni. Zuhura akainuka, mkono kiunoni.

"Nyama zilikuwapo, bibi, lakini naona zote umezibeba wewe. Na huo mdomo umekodi au wa kwako?"

Lahaula! Yule mwanamke alicheka. Alicheka mpaka kuku wakatoka chini ya banda. Akanishika bega, mkono wake wa baridi kama mchanga wa mtoni, akasema, "Anajibu! Kapelege, huyu anajibu! Mwacheni akae."

Kisha akaenda moja kwa moja jikoni. Hakuuliza jiko liko wapi. Mie na Zuhura tukamfuata mbio. Akasimama mbele ya mtungi, akafunua, akatazama ndani, akasonya kwa muda mrefu, sijapata kusikia msonyo wa namna hiyo.

"Nani kauogesha?"

Nakuapia, hatukuwa tumemwambia. Mtungi ulikuwa umeshapakwa masizi. Zuhura aliupaka mwenyewe ili uonekane wa zamani. Tukatazamana kama wezi.

"Nimeuliza, nani kaogesha mzee wa watu bila taulo?"

"Mie," Zuhura akasema, sauti ndogo. "Sikujua."

"Hukujua. Na hawa wala perege wana midomo ya kula tu, ya kumwambia mgeni hawana." Hapo alinitazama mie. Akafungua lile jani la mgomba. Ndani kulikuwa na kata. Ya kibuyu, nyeusi kwa uzee, ina ufa mpinini, umeshonwa kwa uzi wa katani. Kata ya mama! Kumbe Skola kairithi, kaileta. Kairejesha, mtoto wa watu!

Akampa Zuhura. "Shika. Aliyeulaza ndiye auamshe."

"Bibi, mie sinywi. Kwetu haramu."

"Nani kakwambia unywe? Mnywaji nimekuja mwenyewe. We koroga."

Zuhura akanitazama. Nikamwitikia kwa kichwa. Akakoroga. Na yule mgeni akaanza kuitukana pombe. Wacha wewe! Aliiita mate ya kuku. Aliiita maji ya kuoshea miguu ya bibi harusi asiye na bwana. Akaitukania ukoo wangu, akamtaja baba yangu Kandidi na mguu wake mfupi, akamtaja shangazi Ludovika aliyeanguka mtoni siku ya kipaimara, akamtaja Severini wangu alivyokuwa akikoroma. Nikawa nacheka mbavu zinauma. Tangu Severini afariki sikuwa nimecheka hivyo. Nami nikamrudishia: "Nyie mliotoka kwa Wazulu mkikimbia mpaka leo mnahema! Mliishia Songea kwa sababu pumzi ilikata!" Akafurahi, akapiga makofi. Zuhura huku anakoroga na kucheka, machozi yanamdondokea mtungini, tena nadhani hata yale yalisaidia.

Mwisho akasema, "Haki yangu." Akachukua kata, akachota mpaka ikafurika, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Kata kubwa ile. Akajifuta mdomo. "Tamu ya kijinga. Kesho itapata akili."

Akaning'iniza kata kwenye msumari juu ya mtungi. Nikamwambia akae, tumpikie. Akasema miguu inamwasha, anakwenda kunawa bombani, nyuma ya nyumba. Nikaanza kubandika chai. Chai ikachemka, ikamwagika, mtu hajarudi. Zuhura akaenda kumtazama. Hakuna. Getini hakuna. Jirani yetu Mama Mwajabu, ambaye hata nzi hapiti asimwone, alikuwa amekaa mlangoni kwake tangu asubuhi anasuka ukili. Akasema hajaona mtu akiingia wala kutoka.

"Bibi," Zuhura akaniambia, "hebu njoo uone."

Sakafuni kulikuwa na nyayo. Tope, jeusi, bichi, lile la majaruba ya mpunga. Wakati ule wa mwaka huku Kibamba ni vumbi tupu, hata Mpiji kumekauka. Nyayo zinatoka getini mpaka mbele ya mtungi. Za kutoka hazipo.

"Miguu ilikuwa imeshakauka," nikamwambia.

"Alikwenda kuinawa nini, kama ilikuwa imekauka?"

Nikamwambia achukue dekio. Lakini nilipofunika mtungi niliona kitu kingine, sikumwambia. Yule mtu alikunywa kata nzima. Na togwa ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, zaidi ya vile nilivyoimimina.

Alfajiri ya Ijumaa nikaamshwa na kelele. Nilidhani moto. Kumbe ni Zuhura yuko jikoni na nguo za kulalia, sikio mtungini, anaruka ruka. "Unaongea! Bibi, unaongea! Unacheka!" Nikaweka sikio langu. Kwi, kwi, kwi. Beatusi naye akaweka la kwake. Tukawa tumepiga magoti watatu tumekumbatia mtungi kama wagonjwa. Harufu ilikuwa ile ile ya jikoni kwa Mama Apolonia, ya moshi na mpunga mbichi. Nikalia kabisa, sikujificha.

Jumamosi ikafika. Watu wakajaa. Kutoka Temeke alikuja mama yake Zuhura, Bi Mwanahamisi, na dada zake, wamependeza, wanukia, wameketi upande wao na togwa yao tuliyoiweka kando tangu mwanzo, kabla haijagusa mtungi. Ngoma iko tayari. Mzee Gaspari akaingia na fimbo yake, hasalimii mtu, akaenda jikoni, akainama, akaweka sikio. Nilimtazama Zuhura, kashika kidole cha mama yake kama mtoto mdogo.

Gaspari akakaa pale muda. Alipoinuka, uso umelegea. "Unaongea," akasema. "Tena unaongea kama zamani."

Akachota, akaenda kizingitini, akamwaga. Akawataja wazee, mmoja mmoja. Halafu akasema, "Na mwaka huu tumewaletea Zuhura, mke wa Beatusi, mtoto wa Temeke. Mtungi umemkubali..."

"Babu," Zuhura akasimama. "Samahani, babu. Mtungi mie niliuosha. Na sabuni. Nisingependa mnitaje kwa uongo."

Ee Mungu wangu! Mtoto huyu! Ningekuwa na miguu ya ujana ningemziba mdomo. Watu wakaguna. Gaspari akageuka polepole, kata mkononi, mshipa wa shingo umesimama. Nilijua neno linalokuja. Lilikuwa limeshafika kwenye meno yake.

Na hapo hapo getini:

"Hodi wala miiba! Nimepotea Kibamba nzima, nikauliza wapi panaponuka samaki, wakanileta!"

Akaingia mwanamke mwembamba, mrefu, mweupe wa rangi, hana mwanya, kabeba mkoba na mwavuli. "Mnisamehe, watani. Ndimi Skolastika, wa Kiwalani. Gari liliharibika Kimara. Haya, mbona mmesimama kama mnasubiri maiti?"

Kama huyu ndiye Skola, yule wa Alhamisi alikuwa nani?

Mtu mmoja akamweleza haraka: bibi harusi kaosha mtungi. Skola akapasuka kicheko. "Kauosha? Ahsante, mwanangu! Tangu Wandamba wafinyange mtungi huo hawajawahi kuuosha, wala kuoga wenyewe! Ndio maana pombe imefurahi, imeona maji kwa mara ya kwanza! Wewe mzee, unamkunjia nani uso? Lete hapa kata, nichukue haki..."

Akanyoosha mkono kwa Gaspari. Akaiona kata. Mkoba ukamdondoka.

Akaishika, anaigeuza, anapitisha kidole kwenye ule ufa ulioshonwa. Utani wote ulimtoka usoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hii mmeipata wapi?"

"Si umeileta wewe?" nikasema, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Bibi, hii tulimzika nayo mama. Alituusia. Nilimwekea mimi mwenyewe, kwapani hapa."

Basi nikawasimulia. Pale pale, mbele ya watu wote. Mwanya, kanga, jani la mgomba, Kapelege, tope, matusi yote isipokuwa mawili matatu ambayo mama yake Zuhura hakupaswa kuyasikia. Zuhura akinisahihisha ninapokosea. Skola alianza kulia, halafu akaanza kucheka, "Ndiye! Ndiye mama! Yeye alikuwa akisema ufito wa dagaa!" Nikamtazama Gaspari. Alikuwa ameketi chini, pale kizingitini, mzee wa watu, kavua kofia.

"Kasemaje kuhusu binti?" akaniuliza. "Kalista. Kasemaje?"

"Kasema anajibu. Kasema mwacheni akae."

Gaspari akamnyooshea Zuhura mkono amsaidie kuinuka, akasimama, akasema, "Mtu katoka kaburini, kutoka Songea, kwa miguu, kuja kumsemea mtoto huyu. Mie nimetoka Segerea tu. Nitabisha nini?" Akamwaga tena, akalitaja jina upya kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Zuhura! Huyu ni mwanangu. Kaosha mtungi. Mjueni hivyo hivyo!"

Ngoma ikalia, mwenzangu. Bi Mwanahamisi wa Temeke, na togwa yake mkononi, alicheza kuliko Wandamba wote. Skola alimnyang'anya Gaspari kofia akaivaa mpaka Jumapili.

Sasa mambo yametulia, Zuhura ndiye mwenye mtungi. Hanywi, lakini hakuna anayeujua kama yeye; anaweka sikio na kuniambia, bado, bibi, unanong'ona tu. Ndani umeanza kuwa mweusi tena. Kata tulitaka kumrudishia Skola, akakataa, akasema marehemu mwenyewe ameshaamua. Imetundikwa pale juu, kwenye msumari ule ule. Haioshwi, na mwaka mzima ni kavu kama mfupa. Lakini kila mavuno yakikaribia, kabla hata sijaloweka ulezi, asubuhi moja naingia jikoni naikuta imelowa, inadondosha. Nikasema ni panya. Panya gani anayechota?

Kwa hiyo nakuonya, mwanangu unayesoma. Ukiolewa mahali, usisugue kitu cheusi kabla hujauliza. Na nyie wenye nyumba, mwambieni mgeni mambo yenu mapema, midomo si ya kula tu. Halafu akija mtu mchana kweupe, wakati wa mavuno, anabisha hodi kwa matusi, usimfungie geti, usimkunjie uso. Mtazame miguu. Ukiona tope jeusi na mvua haijanyesha, usiulize jina. Mpe kata ya kwanza, na umtukane vizuri.